Desemba Hupikwa Julai

Kila mwaka, Desemba ikishachanganya, magazeti yetu huandika habari ileile ya Wachagga kurudi nyumbani. Utaona picha ya foleni kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, utasoma tamko la LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuhusu nauli na vibali vya mabasi ya ziada, na tangu Desemba 2019 imeongezeka habari ya treni ya abiria, iliyorudi kwenye reli ya Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 25. Habari hizo zinastahili kuandikwa. Mtu anayesafiri zaidi ya kilomita 500 ili akale na mama yake anafanya jambo kubwa. Ila kila ninapozisoma naona kuna nusu iliyoachwa. Tunaandika siku ya kupakua, hatuandiki miezi ya kupika.

Mimi nimeolewa Vunjo, upande wa kusini-mashariki wa mlima Kilimanjaro, na nyumba ile niliijua kwa kupitia jiko la mama mkwe wangu kabla ya kuijua sebule yake. Huko jikoni kila mtu anafahamu kwamba mbuzi wa Krismasi, maharage ya Mwaka Mpya, sweta atakalovaa mjukuu mchanga siku ya kubatizwa na vitambaa vipya vitakavyotandikwa kwenye makochi wageni wasije wakakuta vya mwaka jana, vyote vina kazi iliyofanyika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ni wakati ambao nyumba ina watu wachache, na baridi inauma.

Asiyewahi kufika kule Julai huenda asiamini. Vihamba vya Wachagga, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, viko takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Masika yakishaisha Mei, wingu hushuka likakaa juu ya migomba. Kilema, Marangu, Kibosho, Old Moshi, siku zinaweza kupita bila kuuona mlima wenyewe, wakati watalii wako juu ya hilo wingu wanapiga picha za Kibo kwenye jua. Chini yake kuna manyunyu, nguo zisizokauka kambani, na kina mama waliovaa sweta juu ya kanga na soksi ndani ya kandambili. Asubuhi chai hunywewa jikoni, maana jikoni ndipo penye moto.

Anayebaki katika nyumba hiyo ni nani? Kwa mila ya Kichagga, kifungua mimba wa kiume hutengewa kihamba chake, na kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi na kubaki akiwatunza. Wa katikati hutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Kwa hiyo Julai utakuta bibi, babu kama bado yupo, kijana wa mwisho na mkewe, na kama wazazi wao wana busara, wajukuu waliopandishwa kutoka mjini kwa likizo ya Juni. Hao ndio watu wa makala hii.

Chakula cha miezi hiyo kinatoka sehemu mbili. Juu kuna kihamba: migomba, mibuni chini yake, magimbi karibu na mfereji, viazi vikuu vilivyopanda miti, mnafu unaojiotea pembeni, na ng'ombe mmoja au wawili zizini wanaolishwa majani ya kuletewa. Mfumo huu wa kilimo, kama unavyoonekana Shimbwe Juu, uliingizwa na FAO mwaka 2011 katika orodha ya mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Chini kabisa, tambarare, kuna shamba la pili la mahindi na maharage, lililopandwa mvua za Machi. Juni maharage mabichi huanza kupanda mlima kwenye viroba, na mahindi mabichi pamoja nayo. Julai na Agosti yanafuata makavu, na baada yake mabua, yamefungwa mizigo mikubwa kwa ajili ya ng'ombe. Anayekula nyama Desemba amekula mabua hayo.

Maharage mapya hayahitaji kulowekwa usiku kucha wala kuchemka nusu siku. Mama mkwe huyapika na ndizi mbichi, akatia magadi kidogo, akaponda mpaka yakawa kitu kimoja. Hicho ndicho kiburu. Mgeni anaweza kukitazama rangi yake akasita, lakini kikiliwa kingali cha moto, siku ya manyunyu, na kikombe cha maziwa pembeni, hutatafuta kingine. Mahindi yakikauka na kukobolewa, zamu ni ya makande, nayo ndiyo chakula halisi cha Julai kwa sababu moja rahisi: yanakaa motoni saa tatu na zaidi, na katika baridi ile moto wa saa tatu ni faida ya pili ya chungu.

Mtori una heshima yake. Ndizi zake ni mshare, zilizokomaa lakini hazijaanza kuiva. Mikono hupakwa mafuta ya kupikia kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye vidole huacha weusi ambao sabuni haiutoi kwa siku kadhaa. Nyama yenye mifupa na mafuta hutangulia kuchemka peke yake mpaka ilegee. Ndizi huivia ndani ya supu hiyohiyo, si kwenye maji mengine. Hapo ndipo wapishi wengi wa hotelini wanapouharibu. Kisha nyama hutolewa, ndizi hupondwa ndani ya chungu mpaka zikose vidonge, nyama hurudishwa, supu huongezwa kidogokidogo hadi uzito uwe wa uji. Kitunguu, chumvi, kijiko cha samli. Nyanya mama mkwe hatii, na baada ya kuula wa kwake namuunga mkono kabisa.

Kuna jambo kuhusu ndizi ambalo limenifanya niandike makala hii. Mkungu ukishakatwa hauwezi kuliwa na mtu mmoja. Una chane nyingi, zote zimekomaa kwa pamoja, na zisipopikwa siku chache zijazo zinaiva. Ndiyo maana mgomba ni mmea wa nyumba yenye watu. Anayekata mkungu Jumatatu hupeleka chane kwa jirani, na jirani akikata wake wiki inayofuata hurudisha. Hakuna anayeandika deni hilo, na hakuna anayelisahau. Nimeshuhudia jirani aliyegombana na mama mkwe wangu kuhusu mpaka wa kihamba akiendelea kupokea chane yake na kuleta ya kwake, huku shauri la mpaka likisubiri wazee.

Historia ya mlima wetu imeandikwa kwa kahawa. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, kwamba wakulima wakaunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, na kwamba chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilizaliwa mwaka 1933. Kahawa ilijenga shule, ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba bati. Ilikuwa zao la baba: yeye ndiye aliyekuwa na jina kwenye daftari la ushirika. Ndizi, maziwa na mboga vilikuwa vya mama. Ndizi ndizo zilizowalisha wachumaji wa hiyo kahawa, lakini hazikuwa na daftari wala chama, na mpaka leo ukitaka kujua historia ya chungu cha Uchaggani itakubidi uketi kwenye kigoda umsikilize bibi mmoja baada ya mwingine.

Kufuma nako kuko hivyohivyo. Shule za wasichana za misheni, za Kilutheri na za Kikatoliki, ziliwafundisha mabinti kushona na kufuma. Baadaye likaja somo la sayansi kimu, halafu vikundi vya kina mama makanisani. Leo hii katika nyumba nyingi za mlimani ukiinua mto wa kochi unaweza kukuta sindano mbili na donge la uzi. Mama mkwe hufuma vitu vya aina mbili kwa zana mbili. Vitambaa vya makochi na meza hutoka kwenye sindano moja yenye ndoano, kwa uzi mwembamba wa pamba. Vikishakamilika hufuliwa, hutiwa wanga, hunyooshwa juu ya meza mpaka kila ua lisimame lenyewe. Masweta, kofia na soksi hutoka kwenye sindano mbili ndefu, kwa uzi mnene.

Nyuzi nyingi zinazouzwa Moshi mjini ni za akriliki. Ni za bei nafuu, hazipungui zikifuliwa, rangi ni nyingi. Tatizo lake ni moto: akriliki huyeyuka, na cheche ya kuni ikiangukia mkono wa sweta huacha tundu lenye ukingo mgumu. Sufu haiyeyuki. Kwa hiyo anayefuma nguo ya mtu anayekaa karibu na mafiga hutafuta sufu, na sufu mpya ni ghali. Hapo ndipo soko la Memorial linapoingia. Pale kwenye mitumba kuna masweta ya Ulaya ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu yamechanika kiwiko au yametoboka mgongoni. Mama mkwe huyanunua kwa ajili ya kuyafumua. Kwanza hugeuza sweta ndani nje akatazama ubavu. Likiwa limekatwa na kushonwa kwa cherehani kama fulana, hulirudisha, maana ukilifumua unapata vipande vifupifupi visivyofaa kitu. Ikiwa vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi, ukifumua maungio na kufungua ncha, kila kipande kinakuja chote. Uzi huo huzungushiwa mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne, hufuliwa, kisha huning'inizwa na jiwe dogo ili mawimbi yanyooke. Baada ya siku mbili tatu ni uzi mzuri kuliko wa dukani.

Sasa weka chungu na sindano pamoja, utaelewa siku ya Julai inavyokwenda. Ndizi humenywa asubuhi, na baada ya hapo hakuna anayegusa uzi mweupe mpaka mikono itakate. Makande huingia motoni saa nane mchana. Kuanzia hapo kazi ni kusukuma kuni, kuongeza maji na kusubiri, na kusubiri huko ndiko kunakofuma masweta ya ukoo mzima. Mkono wa sweta la mtoto unaweza kuanza mahindi yakiwa magumu na kukamilika maharage yanapopasuka. Mshono mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, ndio unaotoa ule ukingo unaovutika wa kiunoni na shingoni. Ukishaupita huo, mwili wa sweta unaweza kufumwa bila kuutazama, ukiongea, ukimkanya mtoto asichezee moto. Vipimo havichukuliwi kwa futi. Bibi hupima mgongo wa mjukuu kwa kiganja, kisha anaongeza vidole viwili kwa ajili ya mwaka ujao.

Sweta la kwanza katika foleni daima ni la mtoto mchanga. Mzazi wa Kichagga kwa desturi hukaa ndani miezi mitatu akihudumiwa, na mwenye dhamana ya huduma hiyo ni mama mkwe. Huletewa mtori, huletewa kitawa cha ndizi na maziwa ya mgando, na zamani zaidi mlaso, yaani damu iliyopikwa pamoja na maziwa au samli, ili arudishe nguvu. Mtoto naye huhitaji kulindwa na baridi, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi hupotelea hapo. Kofia ya kufuma na soksi za kufuma huwa tayari kabla ya siku ya kujifungua. Wanangu wote wawili walivaa sweta moja lililofumwa kwa sufu ya rangi ya maziwa, wakalivaa wa shemeji, na lilipoisha viwiko likafumuliwa likawa kofia tatu. Nguo ya dukani haina safari ya namna hiyo.

Nawasikia wanaosema masweta ya mitumba yamejaa na ya mashine yanauzwa kila mahali, kwa nini mtu ajisumbue. Ni kweli kwamba mafundi wenye mashine za kufumia wamechukua kazi yote ya masweta ya shule, na wanaifanya vizuri. Lakini hesabu ya wakati inayotumika hapo haiingii jikoni kwa mama mkwe wangu. Yeye anakaa kwenye moto ule kwa saa tatu, afume asifume. Bila sindano, saa hizo zingekuwa za kusubiri tu.

Wajukuu wa mjini hufika wakiwa na simu na maswali. Siku za mwanzo wanalalamikia moshi na giza la saa kumi na mbili. Taratibu kazi zinawavuta. Kuna kupukuchua mahindi, ambako mtoto wa miaka mitano anaweza. Kuna kumshikia bibi uzi kwa mikono miwili iliyonyooshwa wakati yeye anauzungusha kuwa donge, na mtoto hawezi kuikimbia kazi hiyo kwa sababu amefungwa. Ndipo hadithi za ukoo zinaposimuliwa: nani alihamia Rombo, nani alizaliwa mwaka wa njaa, kwa nini kuna mimea ya masale iliyopandwa mahali fulani kihambani na hakuna anayeing'oa. Mwanangu wa kiume alijifunza kufuma pale, akafuma kitambaa cha shingo cha babu yake, na babu alikivaa kanisani. Nawaomba wenzangu wenye watoto wa kiume wawaachie washike sindano. Mtoto anayeweza kuhesabu mishono themanini bila kukosea ana subira ambayo itamfaa popote.

Jioni chakula hupakuliwa kwanza kwa wazee, cha kwao kikiwa laini zaidi kutoka chini ya chungu ambako kumeiva sana. Watoto hupewa sinia moja. Hapo hujifunza mambo ambayo hakuna shule inayoyafundisha: kula upande wako, kutochagua nyama, kumwachia mdogo kipande cha mwisho, kusema aika mae, yaani asante, kabla ya kuinuka. Wanaolelewa kwenye nyumba ambazo kila mtu ana sahani yake na muda wake wa kula hupata tabu usiku wa kwanza. Wa pili wanakimbilia kunawa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimeyaona macho ya mama mkwe yanavyotoa machozi, na nimekisikia kikohozi chake. Sweta zuri la mkono halilipi mapafu ya mtu. Mtungi wa gesi tumempelekea, anapikia chai na mboga, na makande bado anayapeleka kwenye kuni kwa sababu anaihesabu gesi inayoungua saa tatu. Sisi tulio na kipato ndio wa kuitatua hesabu hiyo, kwa kujaza mtungi kabla haujaisha na kununua jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi nje. Pengine na sufuria la presha. Watu watakaa jikoni hata bila moshi, mradi kuna joto na kuna mtu wa kuongea naye.

Hilo la mtu wa kuongea naye ndilo linalonihuzunisha. Vihamba vimegawanywa kwa vizazi hadi vimekuwa vipande vidogo, kitinda mimba wengi nao wameondoka, na nyumba kadhaa za jirani zetu zimebaki na bibi na binti wa kazi, au bibi peke yake. Pesa za simu zinafika. Kwa bibi mmoja, mwanawe wa Dar es Salaam hajawahi kuchelewesha. Lakini bibi huyo nimemkuta akichemsha ndizi mbili kwenye sufuria dogo na kuzila kwa chumvi, na kihambani kwake kuna mikungu imeivia juu ya migomba, ndege wanaila. Mtori wa mtu mmoja haupikiki. Makande ya mtu mmoja hayapikiki. Kufuma pia kumemshinda, ingawa macho yake bado mazima, kwa kuwa hajui amfumie nani. Wajukuu anawaona Desemba, siku tano, na mwakani watakuwa wamebadilika vipimo.

Ombi langu kwa wenye nyumba mlimani ni la vitendo. Nauli ya Juni hailingani na ya Desemba na basi halijajaa. Pandisha watoto wiki ya kwanza ya likizo, na wewe uwafuate hata kwa siku nne. Usibebe mikate wala juisi za boksi, maana migomba inakungoja. Beba uzi. Kwa sweta la mtoto mchanga na kofia yake gramu 200 zinatosha, za sufu kama unaipata, unene wa kati, wa sindano za milimita 4, na mabunda yote yawe ya kundi moja la rangi ili mkono mmoja usije ukawa mweupe kuliko mwingine. Mwambie mama ni wa mtoto gani, na anatarajiwa kuzaliwa lini.